Daktari aliyekimbilia Istanbul: maisha ya Rudolf Nissen na operesheni ya kiungulia

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Tumeletewa suali na mzee mmoja katika wanaohudhuria darsa zetu baada ya Magharibi. Anasumbuliwa na kiungulia kwa zaidi ya miaka kumi. Usiku analala ameegemea mito, kwa sababu akilala sawasawa maji makali hupanda kooni na kumwamsha akikohoa. Akisujudu, chakula hupanda mpaka mdomoni, na ikifika Ramadhani hana raha na funga yake. Dawa ametumia nyingi. Sasa daktari amemwambia kuwa iko operesheni inayofanywa kwa matundu madogo tumboni, na kuna mahali mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Mzee alikuwa ameshakubali. Kisha kijana mmoja wa familia akasoma katika simu kwamba aliyeigundua operesheni hiyo ni Yahudi wa Kijerumani, na nyumba ikagawika. Wako waliosema kuwa haifai Muislamu kuuweka mwili wake chini ya kazi ya mtu kama huyo, khasa katika siku hizi ambazo nyoyo zetu zinauma kwa ajili ya ndugu zetu wa Palestina. Mzee akasitisha miadi yake, akaja kutuuliza.

Jawabu la kifiqhi si refu, na tutalitoa mwishoni. Lakini tumeona kwanza tuyaeleze maisha ya daktari huyo, kwa sababu wengi wanaomzungumza hawamjui, na kuhukumu kabla ya kujua si katika adabu za dini yetu. Tulipoyafuatilia maisha yake tulikuta kwamba mbegu ya operesheni hiyo ilipandwa katika mji wa Waislamu, juu ya kitanda cha hospitali ya Istanbul.

Kuzaliwa kwake na vita

Rudolf Nissen alizaliwa tarehe 9 Septemba 1896 katika mji wa Neisse, katika jimbo la Silesia. Wakati huo mji huo ulikuwa wa Ujerumani, na leo uko ndani ya Poland na unaitwa Nysa. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, na baba yake, Franz Nissen, alikuwa daktari wa upasuaji katika mji huo huo. Mtoto akakua akiiona kazi hiyo nyumbani, kama watoto wa masonara na mafundi seremala wa kwetu wanavyokua wakiiona kazi ya wazee wao, na akaipenda.

Alianza masomo ya udaktari, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vikamkatiza. Alikwenda vitani akiwa kijana, akapigwa risasi ya pafu. Alipona, lakini athari ya jeraha lile ilibaki naye, na huko mbele itakuja kumbadilishia njia ya maisha yake. Katika hukumu za Mwenyezi Mungu ambazo hatuzidiriki, mtu huyu aliyejeruhiwa pafu ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa mabingwa wa upasuaji wa mapafu duniani.

Baada ya vita alimaliza masomo yake. Akafanya kazi Freiburg kwa Ludwig Aschoff, mwalimu mkubwa wa elimu ya maradhi, na huko alijifunza kuyatazama maradhi katika viungo vyenyewe kabla ya kushika kisu. Mwaka 1921 akajiunga na Ferdinand Sauerbruch mjini Munich, daktari wa upasuaji wa kifua aliyekuwa akijulikana Ulaya nzima. Sauerbruch alipohamia Berlin mwaka 1927, katika hospitali kongwe ya Charité, Nissen alimfuata akawa msaidizi wake mkubwa.

Mwaka 1931 aliletewa msichana wa miaka 12 ambaye pafu lake moja lilikuwa limeharibika kabisa. Zama hizo kuliondoa pafu zima na mgonjwa akabaki hai lilikuwa jambo la nadra sana. Nissen alianza, na moyo wa mtoto ukasimama katikati ya kazi. Aliacha, akasubiri siku zipite mpaka mtoto akapata nguvu, kisha akairudia na kuimaliza. Msichana akaishi. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonesha tabia ya mtu. Alikuwa jasiri wa kuanza, na alikuwa na akili ya kuacha pale kuendelea kungekuwa ni kuua. Maimamu wetu wa fiqhi walipozungumzia dhamana ya tabibu walilizingatia jambo hilo hilo: awe anaijua kazi yake, na asivuke mpaka wa kile kinachoruhusiwa katika kazi hiyo.

Mwaka 1933

Mwanzoni mwa mwaka 1933 Hitler alishika utawala wa Ujerumani. Tarehe 1 Aprili watu wake walisimama mbele ya maduka, kliniki na ofisi za Mayahudi kuzuia wateja wasiingie. Siku chache baadaye ilitoka sheria ya kuwafukuza Mayahudi katika kazi za serikali, zikiwemo kazi za vyuo vikuu na hospitali zake.

Sheria ile mwanzoni iliwaacha wale waliopigana vitani, na Nissen alikuwa mmoja wao, tena na jeraha la kuthibitisha. Kwa hiyo yeye mwenyewe angeweza kubaki. Alikuwa na umri wa miaka 36, na cheo kikubwa katika hospitali mashuhuri kuliko zote nchini mwake. Pamoja na hayo aliona kwamba nchi inayowafukuza wenzake kwa nasaba zao haina amani kwake, hata kama leo imemsamehe. Akaondoka.

Waliobaki kwa kudhani kuwa msamaha ule utadumu, yaliwafika yale ambayo dunia nzima inayajua. Sisi ni umma ambao kalenda yetu inaanza na Hijra. Tunajua maana ya mtu kuacha nyumba, mali na cheo kwa sababu ya dhulma. Tunajua pia kwamba dhulma haigeuki kuwa haki kwa sababu aliyedhulumiwa si wa dini yetu.

Istanbul

Katika mwaka huo huo serikali ya Uturuki ilikuwa inakijenga upya chuo chake kikuu. Chuo cha zamani kilichoitwa Darülfünun kilifungwa mwishoni mwa Julai 1933, na siku iliyofuata kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Istanbul. Walihitajika walimu. Daktari mwengine mkimbizi, Philipp Schwartz, alikuwa ameanzisha mjini Zürich jumuiya ya kuwasaidia wanazuoni waliofukuzwa Ujerumani. Akaenda Ankara kuzungumza na serikali, na Nissen naye akafuatana naye katika mazungumzo hayo. Matokeo yake makumi ya maprofesa waliokosa pa kwenda walipata kazi, mishahara na usalama nchini Uturuki, wao na familia zao.

Hatutaki kueleweka vibaya. Serikali ile ya Atatürk ndiyo iliyofunga madrasa mwaka 1924, na katika mambo ya dini ilifanya mengi ambayo hatuyakubali wala hatuyasifu. Lakini uadilifu unatutaka tuseme kuwa katika jambo hili ilifanya jema, na watu wa mji ule waliwapokea wageni. Wala halikuwa jambo jipya kwao. Mwaka 1492 Mayahudi walipofukuzwa Hispania baada ya kuanguka Granada, Sultan Bayezid wa Pili aliwapokea katika nchi za dola ya Uthmaniya, na vizazi vyao vimekaa Istanbul kwa karne nyingi.

Nissen akapewa uongozi wa kliniki ya upasuaji katika hospitali ya Cerrahpaşa. Alikuta kazi nyingi. Vyumba na vifaa vilihitaji kupangwa upya, na madaktari vijana walikuwa wengi wenye kiu ya elimu. Mikataba ya maprofesa wale iliwataka wajifunze Kituruki ili baada ya muda wasomeshe kwa lugha ya wenyeji. Mwanzoni walisomesha kwa wakalimani. Sisi tuliosomesha madrasa na chuo kikuu tunajua kusomesha kwa mkalimani kulivyo: jambo la dakika tano linachukua robo saa, na mwanafunzi anapokea nusu yake. Hata hivyo alidumu Istanbul miaka sita, akalea kizazi cha madaktari wa upasuaji wa Kituruki ambao waliendelea na kazi yake baada ya yeye kuondoka.

Katikati ya miaka hiyo ya 1930 aliletewa kijana mwenye kidonda kibaya katika sehemu ya chini ya umio, yaani lile koo linalopeleka chakula tumboni. Nissen alikikata kipande kilichoharibika, akauunganisha umio na mfuko wa tumbo. Maungio ya namna hiyo yalikuwa hatari sana, kwani yakivuja mgonjwa hufa. Ili kuyakinga, aliichukua sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo akauzungushia umio, mithili ya mtu anayeviringisha kitambaa kwenye bomba linalovuja. Nia yake ilikuwa hiyo tu, maungio yasivuje.

Kijana akapona. Kwa kawaida mtu aliyeondolewa sehemu ile, ambayo ndiyo yenye kifungio cha kuzuia asidi isipande, hupata kiungulia kikali maisha yake yote. Kijana huyu hakupata. Miaka ikapita, na Nissen alipozifuata habari zake alikuta hana kiungulia. Lile zungusho la kuzuia kuvuja lilikuwa limekuwa kifungio kipya. Nissen aliliweka jambo hilo akilini, akakaa nalo karibu miaka ishirini.

Marekani na mgonjwa wake mashuhuri

Mwaka 1939 jeraha lake la vitani lilimrudia. Akasafiri kwenda Marekani kwa matibabu ya pafu, na vita vya pili vikazuka akiwa huko. Hakurudi Istanbul. Alikaa Boston, kisha New York, na katika mji huo akawa mkuu wa upasuaji katika hospitali za Brooklyn.

Mwishoni mwa mwaka 1948 aliletewa mgonjwa aliyekuwa mkimbizi kama yeye, naye ni Albert Einstein, mwanafizikia. Alikuwa na maumivu ya tumbo, na ilipofunguliwa ikaonekana kuwa mshipa wake mkubwa wa damu umevimba kama puto na unaweza kupasuka wakati wowote. Zama hizo haukuwepo mshipa wa bandia wa kubadilisha. Nissen aliufunika uvimbe kwa karatasi ya selofeni, ile nyembamba inayoonyesha, ili mwili uizungushie kovu gumu litakaloushikilia mshipa. Einstein akaishi zaidi ya miaka sita. Mshipa ulipopasuka Aprili 1955, madaktari walitaka kumpasua tena, naye akakataa, akafa. Wanaomkumbuka Nissen kwa mgonjwa huyo ni wengi, lakini waliofaidika na kazi yake nyengine, isiyo na jina kubwa, ni wengi zaidi wasiohesabika.

Basel na operesheni ya kiungulia

Mwaka 1952 aliitwa Uswisi kuwa profesa wa upasuaji katika mji wa Basel. Hakurudi kuishi Ujerumani, ila alirudi karibu yake, katika watu wanaosema lugha yake.

Mwaka 1955 alimpokea mwanamke wa miaka 49 aliyekuwa akiteswa na kiungulia kwa muda wa miaka mitatu. Dawa tunazozijua leo, kama omeprazoli, hazikuwepo, zilikuja miongo mingi baadaye. Wagonjwa walipewa dawa za kutuliza asidi kwa muda mfupi, wakakatazwa vyakula, na wakalala wameinuliwa vichwa. Ndipo Nissen akamkumbuka yule kijana wa Istanbul. Akaichukua sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo, akaipitisha nyuma ya umio na kuizungusha mpaka mbele, akaishona iwe kama kola. Kila tumbo linapojaa, kola ile nayo hujaa na kuubana umio, asidi haipandi. Safari hii hakukata kitu wala hakuondoa kitu. Mwanamke yule akapata nafuu.

Mwaka 1956 alichapisha maelezo mafupi katika jarida la udaktari la Uswisi, akieleza habari za wagonjwa wawili tu. Hakupiga makelele. Operesheni hiyo leo inajulikana duniani kwa jina lake. Wanafunzi wake, akiwemo Mario Rossetti, waliiendeleza na kuirekebisha, kwa sababu kola ilipobana sana au ilipokuwa ndefu mno wagonjwa walitaabika kumeza. Wengine baada yao wakaona kuwa baadhi ya wagonjwa wanafaa kuzungushiwa nusu au robo tatu tu. Ndivyo elimu yenye kheri inavyokwenda, wa kwanza akafungua mlango na waliomfuata wakasahihisha.

Nissen alistaafu mwaka 1967, na miaka miwili baadaye akachapisha kitabu cha kumbukumbu zake. Alifariki tarehe 22 Januari 1981 katika mji mdogo wa Riehen, karibu na Basel, akiwa na miaka 84.

Matundu badala ya mpasuo

Katika uhai wake operesheni hiyo ilifanywa kwa kulifungua tumbo au kifua, na mgonjwa alikaa hospitali siku nyingi. Mwaka 1991, miaka kumi baada ya kufa kwake, ndipo madaktari wa Ubelgiji, Bernard Dallemagne na wenzake, walipotoa habari za kuifanya kwa matundu.

Namna yake ni hii. Mgonjwa hupewa nusukaputi. Hutobolewa matundu madogo, kwa kawaida matano, kila moja halizidi sana upana wa kidole. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili kupatikane nafasi. Tundu moja huingizwa kamera, mengine vyombo virefu vyembamba, na daktari hufanya kazi akitazama kioo cha televisheni. Ikiwa tumbo limepanda kifuani kupitia tundu la kiwambo, yaani ile ngiri ya ndani, hulirudisha mahali pake na kulishona tundu lile, kisha ndipo huzungusha kola. Kazi ni ile ile ya Nissen, isipokuwa mlango wa kuingilia umekuwa mdogo. Kwa sababu jeraha ni dogo, maumivu hupungua, na hospitali zenye uzoefu huwaruhusu baadhi ya wagonjwa kwenda nyumbani siku ile ile.

Tunasema baadhi, na tunaomba msomaji aliangalie neno hili. Kwenda nyumbani siku ile ile ni kwa mgonjwa ambaye hana maradhi mengine mazito, anakunywa bila ya kutapika, maumivu yake yanatulizwa kwa vidonge, ana mtu mzima wa kukaa naye usiku ule, na nyumba yake haiko mbali na hospitali. Anayevuka bahari kwa boti au kusafiri masaa mengi ya gari si vyema akimbilie kutoka. Kulala usiku mmoja wodini si aibu wala si dalili ya udhaifu wa tawakkul.

Tena si kila kiungulia kinataka kisu. Wengi hutosheka na dawa, kupunguza uzito, kuacha sigara na kuacha kula usiku wa manane. Anayefikiria operesheni hupimwa kwanza. Hupigwa kipimo cha kamera cha kutazama umio na tumbo, hupimwa asidi inapanda kiasi gani katika saa 24, na hupimwa nguvu ya misuli ya umio, kwa sababu umio dhaifu ukibanwa, chakula hakitashuka. Baada ya operesheni wako wanaopata taabu ya kumeza wiki za mwanzo, tumbo kujaa gesi, na kushindwa kucheua au kutapika. Wako ambao kiungulia huwarudia baada ya miaka. Daktari mwaminifu humwambia mgonjwa haya yote kabla ya kutia saini.

Na mwenye kiungulia anayekwama chakula akimeza, anayekonda bila ya sababu, anayetapika damu au kupata choo cheusi, asingoje darsa wala fatwa. Aende hospitali haraka. Saratani ya umio ni maradhi yanayojulikana sana katika Afrika Mashariki yetu, na kuchelewa ndiko kunakoua.

Jawabu la mzee wetu

Sasa turudi kwenye suali. Tunalijibu kwa mafungu manne.

Kwanza, kujitibu ni katika Sunna. Mtume (S.A.W.) alitibiwa, na aliwahimiza sahaba zake wajitibu, akafundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila aliyateremshia na dawa yake. Operesheni ambayo manufaa yake yana nguvu zaidi kuliko madhara yake, ikafanywa na mjuzi kwa ridhaa ya mgonjwa, inajuzu. Nusukaputi kwa ajili yake pia inajuzu kwa haja.

Pili, dini ya aliyeigundua dawa haiifanyi dawa kuwa haramu. Siku ya Hijra, safari nzito kuliko zote katika historia yetu, Mtume (S.A.W.) na Abubakar Siddiq (R.A.) walimkodi Abdullahi bin Urayqit awaoneshe njia, naye alikuwa bado katika dini ya Makureshi. Walimwamini kwa ujuzi wake na uaminifu wake, na roho zao zikawa mikononi mwake. Katika zama za Salahuddin, Musa bin Maymun, Yahudi na mwanazuoni wa Mayahudi, alikuwa tabibu wa wakubwa wa dola mjini Cairo. Nao kwa upande wao walichukua kwetu. Kitabu cha Abul Qasim Zahrawi wa Andalusi, chenye michoro ya vyombo vya upasuaji, kilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na kikasomeshwa Ulaya kwa karne kadhaa. Lau Wazungu wangekikataa kwa sababu mwandishi wake ni Muislamu, wangejidhuru wenyewe.

Tatu, kuhusu uchungu wa Palestina. Uchungu huo tunao, na tunamuomba Mwenyezi Mungu awanusuru wanaodhulumiwa. Lakini Qur'ani imetufundisha kuwa hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyengine, na imetukataza kuwachukia watu kukatufanya tuache uadilifu. Rudolf Nissen alikuwa daktari aliyefukuzwa na madhalimu, akapewa hifadhi na Waislamu, akawatibu na kuwafunza watoto wao. Kumbebesha makosa ya wengine ni dhulma ile ile tunayoilalamikia. Na ukitazama vyema, anayekataa operesheni hii kwa ajili hiyo hamuumizi Nissen, aliyekwisha kufa zamani, wala hamuumizi dhalimu yeyote. Anamuumiza mzee wa watu asiyelala usiku.

Nne, kuhusu ibada zake hivi sasa. Kinachopanda chenyewe kutoka tumboni hakiharibu funga. Kikifika mdomoni akaweza kukitema, akiteme na asukutue. Akikimeza kwa makusudi ilhali anaweza kukitema, funga inaharibika. Kikirudi chenyewe bila ya hiari yake, hana dhambi na funga yake ni sahihi. Ikiwa sijda inampandishia chakula kwa mashaka makubwa, asali kwa kiasi anachokiweza, ainame au aashirie kwa kichwa, na sala yake imetimia. Akifanyiwa operesheni, hali kadhalika asali anavyoweza mpaka vidonda vipone. Wiki za mwanzo chakula chake kitakuwa laini, uji, mtori na supu, kidogo kidogo mara nyingi, kwa hiyo asipange operesheni karibu na Ramadhani ikiwa inawezekana kungoja. Ikimkuta Ramadhani bado yuko katika matibabu, ale kama daktari alivyomuagiza, kisha alipe siku zake akipata nguvu.

Nasaha yetu kwa familia ni kuwa wamrudishe mzee kwa daktari wake, wamuulize amefanya operesheni hii mara ngapi, vipimo vyote vimekamilika au bado, na likitokea tatizo usiku wampigie nani. Hayo ndiyo masuali ya kuuliza. Dini ya yule aliyeigundua, miaka mingi iliyopita, si katika masuali hayo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amponye mzee wetu na wagonjwa wote, awape madaktari wetu ujuzi na uaminifu, na atujaalie kuwa watu wa haki katika ridhaa na katika ghadhabu.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.